Mchana na Usiku Kando ya Mto Boyne

Kosa langu la kwanza nchini Ireland nililifanya kwa nia njema, tena kwa maua. Ilikuwa Mei 2016, miezi michache baada ya kuajiriwa kuwa mhudumu katika makao ya wazee kwenye mji mdogo ulio kando ya mto Boyne, Kaunti ya Meath. Njia niliyoipita kila asubuhi ilipakana na ua mrefu wa miti mifupi ya miiba, na wiki hiyo miti yote ilikuwa imevikwa maua meupe hata majani hayakuonekana. Nikakata matawi mawili, nikayatia katika chombo cha maji na kuyaweka dirishani mwa mzee mmoja wa miaka 88, mkulima wa zamani, ambaye kwa siku nyingi hakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa ukuta wa maegesho ya magari.

"Yatoe nje, a stór," aliniambia, "na uyatoe kabla hujaketi."

A stór ni neno la Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, lenye maana ya hazina, na wazee wa huko humwita hivyo mtu wanayempenda, na pia mtu ambaye jina lake limewatoka. Mzee hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayekuomba usogeze kiti kilichoziba njia. Nilipokwisha kuyatupa maua nyuma ya jengo nikarudi kuomba radhi, ndipo aliponieleza kwamba mti ule huitwa sceach, kwamba ukiuona umesimama peke yake katikati ya shamba basi ujue ni wa watu wa sídh, wale wakaao chini ya vilima, na kwamba maua yake hayaingizwi ndani ya nyumba kwa sababu hufuatwa na kifo. Katika makao ya wazee, hilo si jambo la kufanyia majaribio.

Mimi nimekulia Kilifi, jirani na msitu mmoja wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa mababu, ambako bibi yangu hakuturuhusu kutoka na hata kijiti kikavu cha kuwashia moto. Kwa hiyo sikucheka. Kwetu tulikatazwa kutoa kitu msituni, na hapa nimekatazwa kuingiza kitu nyumbani. Amri ni mbili, lakini anayezitoa anaongea kwa sauti ile ile. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1999, huko Latoon katika Kaunti ya Clare, msimulizi Eddie Lenihan alijitokeza hadharani kuutetea mti mmoja wa aina hii uliokuwa katika njia ya barabara kuu mpya, na wajenzi wakaubakiza mahali pake. Wahandisi wa barabara, wenye hesabu zao na mashine zao, walikubali kuuzunguka mti mfupi wa miiba.

Neno sídh lilinisumbua kwanza kwa matamshi. Sisi tuliozoea kusoma kila herufi jinsi ilivyoandikwa huingia katika Kigaeli kama mtu aliyeingia chumba chenye giza, kila hatua anajigonga. Nilisoma Samhain kama "Samuhaini", na mzee akacheka mpaka akakohoa, husomwa "Sawin". Sídh ni "shii". Malkia Medb ni "Meiv". Mtu akitaka kuziingia hekaya za Wakelti wa Ireland ni afadhali azisikie kabla ya kuzisoma, kwani majina ambayo machoni ni vichaka vya konsonanti huwa mepesi kabisa yakitamkwa na mwenyeji.

Sídh, basi, ni kilima cha kale ambacho ndani yake wanakaa wale waliotangulia. Masimulizi yanasema kwamba kabla ya wanadamu wa sasa kuimiliki Ireland, nchi ilikuwa ya Tuatha Dé Danann, jamii ya miungu, na waliposhindwa vitani wakagawana nchi na washindi wao kwa namna ya pekee: washindi wakapata ardhi ya juu, nao wakapata ya chini. Hawakufa wala hawakufukuzwa; walihamia chini ya nyayo za watu. Nadhani hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya hekaya hizi na zile za Wagiriki, ambao miungu yao hukaa juu ya mlima mmoja mrefu na kuwatazama watu kwa mbali. Miungu ya Ireland ni majirani. Mmoja yuko kwenye kilima nyuma ya zizi, mwingine chini ya kisima cha kijiji, na ukitaka kukata mti unaukata wa mtu.

Lakini hilo sikulijua mapema. Baada ya tukio la maua nilinunua daftari, nikachora jedwali lenye safu tatu: jina, cheo, kazi. Nilikuwa nimepitia vitabu viwili vitatu vya maktaba, vile vinavyopenda kusema fulani ni mungu wa jua na fulani ni mungu wa vita, nami nikajaza safu zangu kwa bidii ya mwanafunzi wa darasa la nane. Nilipofika kwa Lugh nikakwama, kwani kila kitabu kilimpa kazi yake. Nikampelekea mzee swali: Lugh alikuwa mungu wa nini?

Naye akaniuliza, "Umeshafika Tailtin?"

Tailtin iko katika Kaunti ile ile ya Meath, kati ya miji ya Navan na Kells, na mzee alizaliwa si mbali na hapo. Aliniambia kwamba mwanamke Tailtiu, aliyemlea Lugh, alifyeka msitu mzima ili watu wapate uwanda wa kulima, akafa kwa uchovu wa kazi hiyo, na mwanawe wa kulea akaamuru mikutano na michezo ifanywe hapo kila mwanzo wa Agosti kwa ajili ya kumkumbuka. Ndiyo asili ya sikukuu ya Lughnasa, na ndiyo maana mwezi wa Agosti kwa Kigaeli huitwa Lúnasa. Swali langu la "mungu wa nini" hakulijibu, na nilipolirudia alinipa hekaya nyingine ambayo, sasa ninaona, ilikuwa jibu lenyewe.

Lugh alifika kwenye lango la Tara, makao ya mfalme Nuada, akakuta karamu na bawabu. Bawabu akamwambia kwamba asiye na fani haingii. Lugh akasema yeye ni seremala. Akaambiwa seremala yupo. Akasema ni mhunzi, mhunzi yupo. Shujaa, mpiga kinubi, mshairi, mganga, mwenye kujua uchawi, kila alichotaja alijibiwa kuwa nafasi imeshajazwa. Mwishoni akasema: nenda kamwulize mfalme kama anaye mtu mmoja anayezijua fani hizi zote. Akafunguliwa. Safu yangu ya tatu, ile ya kazi, ilikuwa imechekwa na hekaya yenyewe karne nyingi kabla sijaichora. Nililichana jedwali hilo nikiwa ndani ya basi kurudi nyumbani, na kwenye ukurasa uliofuata nikaandika majina ya mahali.

Wasomi wa Kigaeli cha kale walikuwa na jina la elimu hii: dindsenchas, yaani masimulizi ya mahali mashuhuri. Mshairi wa zama zile alitakiwa aijue, ili akitajiwa mlima, kivuko au ziwa aweze kueleza jina lilitokana na nini. Katika elimu hiyo hakuna mahali pasipo na kisa. Mto Boyne, uliokuwa ukipita dakika tano kutoka kazini kwangu, ni mwanamke aitwaye Boann. Palikuwa na kisima ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukisogelea isipokuwa mume wake Nechtan na wanyweshaji wake watatu, na juu yake ilisimama miti iliyodondosha kokwa za maarifa majini. Boann akaenda kukijaribu, akakizunguka kwa upande wa kushoto, kinyume cha mwendo wa jua, na maji yakapanda mara tatu. Yakamwondoa paja, mkono na jicho, akakimbia kuelekea baharini huku yakimfuata mpaka yakamzamisha. Njia aliyokimbilia ndiyo mto. Nimeupita ule mto asubuhi za barafu na jioni za mvua, na tangu niisikie hekaya hiyo sijaweza kuuona kama maji yanayokwenda tu. Ni mtu anayekimbia, na bado hajafika.

Kilomita chache kuteremka mto ndipo penye Brú na Bóinne, kundi la makaburi makubwa ya mawe lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1993, na kubwa kwa umaarufu ni Newgrange. Nilikwenda kwa mara ya kwanza Septemba 2016. Jengo lile lilijengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, kabla ya piramidi za Giza kule Misri, na mawe ya dari yake yamepangwa kwa ustadi hata leo ndani ni pakavu. Unainama, unapita ubavu kwa ubavu katika ujia wa mita 19, kisha unasimama wima katika chumba kama msalaba. Mwongozaji huzima taa na kuwasha nyingine inayoigiza kile kinachotokea siku zenye usiku mrefu kuliko zote za mwaka, karibu na tarehe 21 Desemba, wakati miale ya jua linalochomoza inapopenya kupitia tundu dogo lililo juu ya mlango na kuufikia ukuta wa nyuma kwa muda wa dakika 17 hivi. Watu maelfu huomba kila mwaka kwa bahati nasibu wakashuhudie jua lenyewe. Nimeomba mara sita, sijapata.

Kuna jambo hapo ambalo halisemwi vya kutosha. Profesa Michael J. O'Kelly, aliyechimba Newgrange kati ya 1962 na 1975, alikuwa amewasikia wenyeji wakisema kwamba kuna siku ambayo jua huingia kaburini. Wengi walidhani ni maneno yaliyochanganywa na habari za Stonehenge, duara la mawe ya kale la Uingereza. Tarehe 21 Desemba 1967 akaenda akakaa ndani peke yake gizani, na jua likaingia. Vilevile ni vyema msomaji ajue kwamba ukuta wa mawe meupe unaopendeza katika picha ulisimamishwa upya baada ya uchimbaji huo, kwa makadirio ya O'Kelly mwenyewe, na wako wataalamu wasiokubaliana naye hata leo. Mimi niliupiga picha nyingi kabla ya kuambiwa.

Katika hekaya, Newgrange ni nyumba. Mwenyewe alikuwa Dagda, baba mkuu wa miungu, mwenye sufuria isiyomwacha mtu na njaa. Mwanawe Aengus, aliyemzaa na Boann, alikuja kumwomba amwazime nyumba kwa mchana na usiku. Akapewa. Muda ulipokwisha Dagda akadai nyumba yake, na Aengus akamjibu kwamba hana cha kurudisha, kwani dunia yote ni mchana na usiku, na hivyo ndivyo alivyopewa. Mzee alinisimulia hivi Oktoba moja, mvua ikipiga dirisha.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo lilinitia aibu kuliko lile la maua. Nilikuwa nimeisoma hekaya hiyo wiki iliyopita, na katika kitabu changu aliyedanganywa hakuwa Dagda. Alikuwa Elcmar, mume wa Boann, na Dagda ndiye aliyemfundisha Aengus ile hila. Nikamsahihisha mzee. Mimi, niliyelelewa nikijua kwamba mkubwa akisimulia unaitikia na kunyamaza, nilimkatiza mtu wa miaka 88 katika hekaya ya kilima alichokiona tangu utotoni, kwa ushahidi wa kitabu cha kuazima. Aligeukia dirisha. Hatukuzungumza tena hadi wakati wa chai, na alipokubali kuzungumza alisema tu, "Basi kitabu chako kilimwuliza mtu mwingine."

Alikuwa na haki kuliko nilivyofikiri. Masimulizi yote mawili ni ya kale, yote yamo katika maandishi ya Enzi za Kati, na hakuna hata moja lenye mamlaka ya kulifuta lingine. Nilijifunza polepole kwamba katika hekaya za Ireland neno "sahihi" lina kazi ndogo sana. Ukikuta wanawake watatu wenye jina moja la Macha, usihangaike kutafuta yupi ni wa kweli na wapi walikosea. Ukikuta mume wa Boann ni Nechtan hapa na Elcmar pale, andika yote mawili na utaje uliyapata wapi.

Na katika ile hila ya Aengus niligundua jambo ambalo kitabu changu, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kilihitaji maelezo marefu chini ya ukurasa kulieleza. Kigaeli cha kale hakina kile kineno kidogo ambacho Kiingereza hukiweka mbele ya jina kuonyesha kwamba kitu ni kimoja. Kwa hiyo Aengus aliposema "mchana na usiku", Dagda alisikia mchana mmoja na usiku mmoja, naye Aengus akashika maana ya pili, yaani daima. Kwa Kiswahili hila hiyo inasimama yenyewe bila gongo. Tunasema mtu anafanya kazi usiku na mchana na hatuhesabu ngapi. Nilimweleza mzee hivyo, nikamtamkia maneno yetu, naye akayarudia mara kadhaa: mchana na usiku, mchana na usiku. Nadhani siku hiyo nilisamehewa. Tangu hapo kila nilipoingia zamu ya usiku aliniuliza kwa Kiswahili chake kibovu kama nimekuja kuchukua nyumba.

Kuna mkono mwingine katika habari hii, nao ni wa watawa. Hekaya hizi ziliandikwa na Wakristo, katika monasteri na shule zao, na kilichotufikia kimepita katika kalamu zao. Mmoja wa waandishi wa kitabu kiitwacho Lebor na hUidre, chenye nakala ya kale ya hekaya ya uvamizi wa ng'ombe wa Cooley, alikuwa Máel Muire, aliyeuawa na wanyang'anyi katika monasteri ya Clonmacnoise mwaka 1106. Nakala nyingine ya hekaya hiyo imo katika Kitabu cha Leinster cha karne ya 12, na mwisho wake una kitu kilichonifanya nimpende mwandishi nisiyemjua. Kwa Kigaeli ameandika baraka kwa kila atakayeisimulia kwa uaminifu bila kuibadilisha umbo. Kisha, kwa Kilatini, ameandika kwamba hayaamini mengi yaliyomo, kwamba mengine ni hila za mashetani, mengine ni ubunifu wa washairi, na mengine yamewekwa kuwafurahisha wapumbavu. Baraka kwa lugha ya mama, onyo kwa lugha ya kanisa. Nimewajua watu wengi wa namna hiyo, na huenda mimi ni mmoja wao: Jumapili yuko kanisani kwa moyo wote, na Jumatatu hakati mti wa kaya.

Mwishoni mwa Oktoba 2017 nilikwenda Rathcroghan, Kaunti ya Roscommon, mji mkuu wa malkia Medb katika hekaya. Nilitarajia magofu. Nilikuta malisho, kondoo, na vilima vya majani. Hapo ndipo, kwa mujibu wa hekaya, Medb na mumewe Ailill walipohesabu mali zao wakiwa kitandani wakagundua kwamba mume ana fahali mweupe ambaye mke hana wa kumlingana naye, na vita vyote vilivyofuata, hadi kifo cha shujaa Cú Chulainn, vilianzia kwenye ugomvi huo wa mto mmoja wa kulalia. Lakini nilichokwenda kukiona kilikuwa pangoni. Oweynagat, pango la paka, lina mlango mdogo kiasi kwamba ungedhani ni shimo la mnyama, na juu yake kuna jiwe lililochanjwa alama za ogham, mwandiko wa mistari wa Kigaeli cha kale, zinazosomeka "la Fraoch mwana wa Medb". Unaingia kwa kutambaa. Matope yaliniingia mikononi mwa koti, viatu vikawa vizito, kisha paa likanyanyuka na tukasimama katika ufa mrefu wa mwamba. Tuliambiwa tuzime taa.

Hekaya zinasema kwamba usiku wa Samhain, sikukuu ya mwanzo wa majira ya baridi, mlango huu hufunguka na kutoa ndege ambao pumzi yao hukausha kila wanachokipulizia, na nguruwe wasiohesabika, na yule mwanamke wa vita na maangamizi aitwaye Morrígan. Anasimuliwa mwanamke Odras aliyeibiwa ng'ombe na Morrígan, akamfuata hadi karibu na pango, usingizi ukamshika njiani, na Morrígan akamwimbia maneno yaliyomgeuza kuwa kijito. Waandishi Wakristo waliliita pango hili lango la Jehanamu la Ireland. Mimi sikuona ndege. Nilichosikia ni maji yakidondoka na mtu mmoja nyuma yangu akihema kwa hofu, na nikagundua baada ya muda kwamba mtu huyo nilikuwa mimi. Nilitoka nikiwa nimejua kwa mwili kile ambacho jedwali langu lisingenifundisha: Morrígan anayekaa katika sentensi ya "mungu wa vita" ni mwepesi, na Morrígan wa pale chini, gizani, matope yakiwa yamefika magotini, ni mwingine.

Mahali nilipopatamani kuliko pote ni pale nilipochelewa zaidi kufika. Mwaka 2018 nilikuwa na mimba ya miezi saba na bado nazunguka vyumbani na kigari cha dawa, na mzee, aliyekuwa ametimiza miaka 90, akaniagiza nikae kitini kisha akanisimulia habari za Macha. Mume wake Crunniuc alikwenda kwenye mkutano wa mfalme wa Ulster, jimbo la kaskazini, akajisifu kwamba mkewe anakimbia kuliko farasi wa mfalme. Macha akaletwa kwa nguvu, naye yu karibu kujifungua. Akaomba asubiriwe. Akawageukia watu waliosimama na kuwakumbusha kwamba kila mmoja wao alizaliwa na mama. Hakuna aliyemtetea. Akakimbia, akawashinda farasi, akazaa mapacha mwishoni mwa uwanja, na akawalaani wanaume wa Ulster kwamba kwa vizazi tisa, kila watakapokuwa katika shida kubwa kabisa, watashikwa na uchungu wa uzazi kwa siku tano na usiku nne. Ndiyo sababu Medb alipovamia, wanaume wote walikuwa wamelala wakilia, na kijana Cú Chulainn akabaki peke yake mpakani. Mahali pale pakaitwa Emain Macha, mapacha wa Macha. Mzee alimaliza, akasema, "Sasa kigari asukume mwingine."

Emain Macha iko karibu na mji wa Armagh, nao Armagh uko Ireland Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza. Mpaka uliochorwa mwaka 1921 hauna kizuizi barabarani, na basi hupita bila kusimama, lakini mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Uingereza kuuvuka. Wenzangu wa Ireland walishangaa kusikia. Jeshi la Medb lilivuka, ng'ombe wa hekaya walivuka, watalii wa nchi zenye bahati walivuka kwenda kununua soseji, nami nilisimama upande wa Louth, katika rasi ya Cooley anakotoka fahali wa kahawia aliyetakwa na Medb, nikitazama vilima vya ng'ambo ya maji kama mtu anayetazama duka lililofungwa. Nilipata uraia mwaka 2021, na safari yangu ya kwanza kwa pasipoti mpya haikuwa Paris wala Roma. Nilipanda basi la Armagh.

Ni kilima cha mviringo kilichozungukwa na handaki, basi. Wachimbaji walikuta kwamba juu yake lilisimama jengo la mbao lenye upana wa mita 40 hivi, ambalo nguzo yake ya katikati ilitoka katika mwaloni uliokatwa mwishoni mwa mwaka 95 au mwanzoni mwa 94 kabla ya Kristo; tarehe hiyo imesomwa katika pete za mti. Watu wale walilijenga, wakalijaza mawe, wakalichoma moto, wakalifukia kwa udongo, kana kwamba walikuwa wakimjengea nyumba mtu wa chini. Mahali hapo lilipatikana pia fuvu la kima wa jamii ya Afrika Kaskazini, aliyefikaje huko hakuna anayeweza kusema. Nilisimama juu ya kilima nikiwa na mwanangu wa miaka mitatu, ambaye alikimbia duara zima na kuanguka mara mbili. Sikumwambia habari za Macha siku hiyo. Nilimwangalia tu akikimbia.

Nimeruka jambo moja la Novemba 2017, na nimeliruka makusudi. Kati ya 1937 na 1939 serikali ya Ireland iliwaomba wanafunzi wa shule za msingi wakawaulize wazee wao habari za kale na kuziandika kwenye madaftari: visima, vilima, dawa, mizimu, majina ya mashamba. Watoto zaidi ya 50,000 kutoka shule zipatazo 5,000 waliandika, na kurasa zao sasa zimewekwa kwenye intaneti kwa mwandiko wao wenyewe. Mzee aliwahi kunidokeza kwamba yeye alikuwa mdogo mno, lakini dada yake aliandika. Nikatafuta kwa jina la parokia, kisha la shule, jioni tatu mfululizo. Nikaupata ukurasa: wino, herufi zilizolala upande wa kulia, jina la dada chini. Ulihusu mti wa sceach ulio peke yake katika shamba la familia, na mtu mmoja aliyejaribu kuukata, shoka likamrukia mguuni.

Niliuchapisha kwa herufi kubwa nikamletea. Alivaa miwani. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, na alipofika kwenye jina akakiacha kidole hapo. Dada yake alikuwa amefariki miaka zaidi ya ishirini kabla ya hapo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, nimeshika hata kitambaa cha karatasi.

"Amekosea," alisema hatimaye. "Mti haukuwa upande wa barabara. Ulikuwa upande wa mto. Na yule mtu hakutumia shoka, alitumia msumeno."

Akanirudishia karatasi. Mara hii sikumkatiza wala sikumtetea dada. Nikatoa kalamu mfukoni, nikauliza upande gani wa mto, naye akanyanyua mkono kunionyesha kupitia ukutani, nami nikaandika pembeni.